Dola Ilikuwa Nzima Asubuhi

Wamaza, tarehe 2 Machi 2024

Magloire mudogo wangu,

Salamu. Barua hii inaletwa na Junior wa pikipiki, mupe maji ya kunywa na usimufanyie mizaha yako. Huku mutandao wa simu ulipotea tangu Krismasi, basi soma vizuri, juu sitaweza kukuita.

Mama anaumwa. Si magoti yale unayoyajua. Ni uvimbe tumboni, upande wa kuume, ulianza kama yai la kuku, sasa unajaza mukono. Muganga wa hapa alisema hauna dawa ya kumeza, ni kisu. Huko kwenu Kasongo kuna Dokta Théophile wa polikliniki, anapasua watu wa ugonjwa ule kila juma, lakini anaomba faranga elfu mia mbili na makumi tatu mbele ya kugusa mugonjwa. Muganga alisema tusivuke mwisho wa mwezi huu. Akisema vile aliangalia chini.

Tumeuza sherehani ya mama. Ile ile iliyoshona kaptula zako za shule. Bibi ya mununuzi wa zahabu aliichukua, akatulipa noti moja ya dola mia. Mama aliishika ile karatasi, akageuza, akauliza kama ndiyo yote.

Mume wangu Bulaimu ndiye atamuleta mwisho wa mwezi, juu mimi niko na mutoto wa juma tatu kwenye ziwa. Wewe haumujui, ulikimbilia Kasongo mbele ya ndoa yetu. Ni mutu wa shamba, hakusoma, hajavuka Wamaza hata siku moja, na tangu azaliwe hajashika dola. Wewe unakaa kwenye meza ya kubadilisha feza. Tuandikie mutu anachunga dola namna gani njiani, na anaibadilisha namna gani bila kuliwa. Na kama uko na kitu cha kuongeza, ongeza.

Mama anasema usiache kazi kwa ajili yake.

Yaya yako,
Émérance


Kasongo, 6 Machi 2024

Kwa Yaya Émérance, malkia wa mihogo ya Wamaza,

Junior nimemupa maji, tena ya chupa, aende asimulie. Mujue kabisa kwamba huku mimi si yule Magloire aliyefukuzwa mwaka wa pili wa sekondari juu ya kuandika jina la mwalimu kwenye ubavu wa mbuzi. Leo wanaume wenye ndevu nyeupe wananiita patron, mukubwa wa kazi. Niko na meza sokoni, na muavuli, na pakete za faranga zimepangwa kama matofali. Sawa, meza ni ya Muzee Iliasi, na muavuli pia, lakini matofali ninayapanga mimi.

Juu ya kuongeza: feza yangu yote iko kazini, feza ya kambiste, mubadilishaji, hailali. Mama akifika nitamulaza kwenye kitanda changu, mimi chini, na nitamupeleka kwa huyo Dokta Théophile kwa pikipiki yenye kiti laini, wagonjwa wengine waulize ni mama ya nani. Feza hapana, lakini akili ninakupa bure, na hapa watu wanailipia. Musomee shemeji pole pole, kama unavyomulisha mutoto uji.

Kwanza asiikunje. Faranga yetu unaweza kuikunja, kuilalia, kuiloanisha, kuibandika plasta, ikanuka samaki wa Nyangwe, na bado utanunua nayo chumvi. Dola ni bibi harusi. Ikiwa na pasuko kama jino la panya, alama ya kalamu ao tone la mafuta, hapa tunakata bei, ao tunaikataa kabisa. Nasikia kule Amerika kwao wenyewe wanazipokea hata zikiwa zimechakaa, lakini hapa hiyo ndiyo dini. Basi aiweke ndani ya kaye ya shule, ilale katikati ya kurasa, na kaye ikae tumboni chini ya shati. Si mufukoni. Si ndani ya kiatu, ambamo itapikwa na jasho la mukulima.

Njiani asionyeshe. Kwenye vizuizi atoe mia tano mia tano, chafu, tatu ao ine, alie kidogo, watamuacha apite. Pikipiki na chakula alipe faranga. Mutu akionekana na dola, bei ya kila kitu inaamka na kusimama, hata ya ndizi.

Akifika sokoni asikimbilie meza ya kwanza, aulize tatu. Leo dola ni elfu mbili na mia nane. Atakayemutajia elfu mbili na mia sita amemusoma uso. Aulize ikiwa bado iko tumboni, na asiitoe mpaka bei isemwe mbele ya watu. Akipewa pakete asiridhike na kutazama, ahesabu noti moja moja, juu katikati ya pakete ndipo noti zinakimbiaga, zile za juu na za chini zimebaki kama walinzi. Asione haya tukimucheka. Tunacheka makusudi ili mutu apoteze hesabu. Kama huyo shemeji hajui kuhesabu kupita mbuzi wake wawili, mama atahesabu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo sikwambii. Hilo ndilo linanipa kula, na Muzee Iliasi alinifundisha baada ya mwaka muzima nikimufulia nguo. Lakini halimuhusu shemeji, juu atakuja kwangu. Aulize Magloire tu, hata mutoto anayejifunza kutembea atamuleta.

Najua unasema najisifu. Njoo uone muavuli.

Patron Magloire


Wamaza, 14 Machi 2024

Magloire,

Bulaimu ameondoka leo alfajiri na mama. Hatukungojea mwisho wa mwezi. Jana uvimbe ule uligeuka mugumu kama jiwe, akaanza kutapika. Muganga alisema sasa ni kuhesabu siku kwa kidole kimoja: apasuliwe kesho, kesho kutwa imekuwa mbali.

Wamepanda pikipiki ya kijana mwingine, juu ile pikipiki ya Junior imefunguliwa iko chini, anatengeneza injini, barua hii atakuletea ikipona. Mama amekaa katikati, tumemufunga kwa kitenge mugongoni mwa Bulaimu ili asianguke.

Barua yako niliisoma mara tatu mbele ya Bulaimu. Hakukasirika. Siku mbili alikuwa akijizoeza: anaweka jani la muhindi ndani ya kaye, anaingiza chini ya shati, anazunguka kiwanja, anarudi kutazama kama jani limekunjika. Mama alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaacha kucheka.

Dola iko ndani ya kaye yako ya hesabu ya mwaka wa tano wa shule ya musingi. Mama aliitunza miaka hii yote ndani ya sanduku la sherehani. Jina lako liko kwenye ngozi ya nje ya kaye, kwa wino mwekundu, na ile alama mbaya uliyopata. Mama alisema ukiiona utacheka.

Uwape faranga zote timilifu, elfu mia mbili na makumi nane. Baada ya Dokta Théophile zitabaki za dawa na za kurudi. Uwe naye akipasuliwa, Magloire. Anaogopa lakini hatasema.

Émérance


Kasongo, 17 Machi 2024

Yaya,

Junior sijamuona, na jibu lako sijapata, labda umekosa kalamu huko porini. Natuma hii kwa motari, mutu wa pikipiki, anayepita Wamaza juma hili, juu nina jambo linanichoma mudomoni na ni lazima nikuchekeshe.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, namuona mutu anapita kati ya meza zetu. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Kandambili za rangi mbili, moja kijani, moja bluu. Kila meza anauliza Magloire yuko wapi. Mimi watu wa kwetu Kabambare ninawajua: mwezi wa kwanza walikuja watatu kunisalimia, mumoja alikula kwangu siku kumi na tisa na akaondoka na taulo. Basi huyu akafika mbele yangu, akaniuliza mimi mwenyewe. Nikamwambia Magloire amehamia Kindu, ameoa huko, anauza magari. Wenzangu walificha nyuso chini ya meza. Yule mutu alisimama kidogo, kama aliyetua muzigo na hajui ataubeba namna gani tena.

Halafu akaniuliza bei ya dola. Na Yaya, aliuliza ikiwa bado iko tumboni. Nikasema moyoni, ona, masomo yangu yameenea mpaka kwa watu wa miti. Nikamutajia elfu mbili mia nane na makumi mbili, kupita wote, mbele ya watu. Ndipo akatoa kaye ya mutoto wa shule, kuukuu, imefungwa na plastiki, akaifungua taratibu kama padri altareni. Dola mia, nzima, safi. Ngozi ya kaye sikuitazama hata, macho yangu yalikuwa kwa bibi harusi.

Sasa nakwambia lile jambo moja, juu uko mbali, hutaniharibia kazi. Ni ukucha wa kidole gumba. Unauacha ukue, unaunoa. Unapokea dola, unaiinua kwenye jua kama unatafuta alama ya ndani, na kila mutu anainua macho pamoja nawe. Huku chini ukucha unapita pembeni, mara moja. Haisikiki. Kisha unaishusha, unasikitika, unamuonyesha: muzee, hii imepasuka.

Alitazama ile pasuko, akasema, “Kijana, ilikuwa nzima asubuhi.”

Nikamujibu kwamba vitu vingi vinakuwaga vizima asubuhi. Jibu lile lilinifurahisha siku nzima, wenzangu mpaka leo wanalirudia.

Alizunguka meza zote. Muzee Iliasi akikohoa mara mbili, soko zima linajua la kusema, kila mumoja akamutajia chini yangu. Akarudi. Nikamupa elfu mia moja na makumi tano, zote za mia tano. Akahesabu noti moja moja. Nikamucheka, akapotea, akaanza upya. Alianza mara ine. Tena ana haraka, kila mara anageuka kutazama barabara, kama ameacha ng’ombe kwenye shamba la mutu. Akimaliza akaniuliza kama Kindu kwa miguu ni siku ngapi.

Faida elfu mia moja na makumi tatu, nusu ya Muzee, nusu yangu. Nimenunua raba nyeupe, nyeupe kabisa, naogopa kuzikanyagia chini. Mama naye nitamununulia kitenge, nimekwisha kuuliza bei.

Mwambie shemeji mwisho wa mwezi asifanane na yule mutu. Aje kwangu moja kwa moja.

Patron


Wamaza, 27 Machi 2024

Magloire,

Mama alikufa siku ya mbili, tarehe 19, polikliniki, saa nane za mchana. Tumemuzika hapa. Alirudi vile alivyokwenda, katikati, amefungwa kwa kitenge mugongoni mwa Bulaimu.

Nakuandikia yote, juu wewe unapenda habari.

Bulaimu alimuacha mama kwenye mulango wa polikliniki, akaenda sokoni, akarudi kwa Dokta Théophile na elfu mia moja na makumi tano. Zilikosekana elfu makumi nane. Dokta akasema sheria ni sheria, akawapa benchi la nje. Mama alilala kwenye benchi lile Ijumaa, siku ya posho, Jumamosi, na siku ya Mungu. Bulaimu alizunguka muji asioujua akiomba. Marcelline anayeuza maandazi kwenye mulango alitoa elfu tano, akapitisha kikapu kwa wanaochunga wagonjwa. Bulaimu aliuza shati. Siku ya moja jioni, tarehe 18, zilifika elfu mia mbili na makumi mbili na ine, dokta akasema inatosha. Alimupasua akakuta ndani mumekwisha kuoza. Alisema wangemuleta Ijumaa. Bulaimu akamujibu kwamba Ijumaa alikuwa hapo, kwenye benchi.

Mama alikuwa akimuuliza kila mutu anayepita kama anakujua. Bulaimu akamwambia kama alivyoambiwa: uko Kindu, umeoa, unauza magari. Alifurahi, Magloire. Alimwambia Marcelline, akamwambia na mufagiaji. Alisema hata sherehani sasa haimuumi. Amekufa akijua unauza magari.

Barua yako ilifika siku ya tatu ya kilio. Unajua kwetu barua ya muji haisomwi peke yako. Watu walikaa, wakasema mutoto wa marehemu ameandika, tusomee, itatupoza. Nikasimama na mutoto mukononi, nikasoma kwa sauti. Mwanzoni walicheka, juu ya taulo. Wewe unajuaga kuchekesha. Nilipofika kwenye kandambili za rangi mbili, watu wote wakaangalia miguu ya Bulaimu. Nikashusha karatasi. Yeye akasema, “Endelea. Nataka kusikia ilipasukia wapi.”

Nikasoma mpaka kwenye raba, mpaka kwenye bei ya kitenge.

Ulitufundisha mengi, na yote aliyafanya. Aliuliza ikiwa tumboni. Alihesabu moja moja. Ulituficha moja tu.

Kaye iko hapa. Jina lako bado linasomeka.

Émérance


Kasongo, 2 Aprili 2024

Yaya Émérance,

Junior aliniletea barua yako ya tarehe 14 tarehe 20. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye kaye nilikaa chini, kwenye matope. Nilikimbia mpaka polikliniki, benchi lilikuwa tupu, wanaliosha. Marcelline aliniuliza mimi ni nani. Nikanunua andazi.

Ile barua yangu ya kuchekesha, nilimutafuta motari nimunyang’anye. Alikuwa amevuka zamani. Nilipanda pikipiki nyingine nimufuate, nikafika kizuizi cha kwanza, nikarudi. Sikuwa na feza ya kizuizi, Yaya. Hapana, nilikuwa nayo.

Sikumujua Bulaimu. Nilidhani ni mutu tu. Ninajua vile neno hilo linasikika, lakini sina lingine. Mungemutuma na mutu ninayemujua. Mungeniandikia siku. Naandika haya na ninayaona ni ya kijinga, na karatasi imekwisha, sina nyingine ya kuanza upya.

Ukucha nimeukata. Meza nimemuachia Muzee Iliasi, alikohoa mara mbili nikiondoka, wote wakacheka. Raba nimeuza, na simu, na godoro. Ndani ya barua kuna dola mia, mupya, niliichagua mimi mwenyewe kati ya makumi tatu, nikaiweka kati ya mbao mbili nyembamba na kuzifunga na kamba. Hakuna aliyeishika isipokuwa mimi, na ukucha sina. Rudisheni sherehani ya mama. Ikae tu nyumbani, hata kama hakuna wa kuikanyaga.

Nataka kuja siku ya makumi ine ya mama. Nitakaa nyuma, sitasema kitu. Muulize Bulaimu neno moja tu, ndiyo ao hapana, nitalikubali.

Mudogo wako,
Magloire


Wamaza, 7 Aprili 2024

Magloire,

Bulaimu hana neno.

Juu ya kuja: ukifika Wamaza na kuuliza Émérance, kila nyumba watakujibu kwamba amehamia Kindu. Nimekwisha kuwaambia, mpaka watoto.

Dola yako ilifika. Niliifungua mimi mwenyewe mbele ya Junior, nikaiinua kwenye jua. Iko na pasuko pembeni, ndogo kama ukucha. Huku haipiti. Nakurudishia kwa Junior, ipeleke kwenye meza za wenzako wakutajie bei.

Junior anaapa ilikuwa nzima asubuhi.

Émérance